Msomaji wa Pili

Rehema, wewe uliyekalia kiti changu, uliniomba nikuachie maelezo ya kazi kwenye kurasa mbili. Nimejaribu, imeshindikana. Kurasa mbili zinatosha kueleza mashine. Hazitoshi kueleza kwa nini daftari la kijani limo kabatini na kwa nini hakuna mwenye ruhusa ya kulitupa. Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Vilikuwa viwili na havikubadili kitu mezani kwangu. Mshahara unaujua, sasa ni wako.

Siku yangu ya kwanza nilimtoa mjusi kwenye kompyuta. Nilikuwa nimetoka ofisi ya shamba la mkonge kule Pongwe, nilikozaliwa na nilikokuwa mpiga chapa. Baba yangu alikuja pale kutoka Songea kukata mkonge kwa mkataba wa muda mfupi, akazikwa palepale. Nilidhani na huku nimeajiriwa kuchapa. Shirika letu lilikuwa na zahanati kumi na moja, kuanzia Horohoro mpakani hadi Mkwaja kule kusini, kila moja na kompyuta yake iliyoletwa kwa msaada, na kila kompyuta na wakazi wake. Mzee Bakari alikuwa fundi mkuu, na pia fundi pekee. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi bisibisi na brashi ya rangi ya inchi mbili, kisha akanionyesha mashine iliyokuwa mezani.

"Fungua humo. Kuna mtu amelala."

Mjusi alikuwa amelala kweli, nadhani tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia. Nilimtoa kwa ncha ya bisibisi, nikamweka kwenye karatasi.

"Umeogopa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi kazi umepata. Aliyekutangulia alikimbia."

Brashi ile ipo kwenye droo ya chini. Hewa ya Tanga ina chumvi, na vumbi lake likishika ndani ya mashine halitoki kwa kupulizwa. Piga brashi kila baada ya miezi mitatu, usiioshe kwa maji, na kabla ya kuingiza mkono gonga boksi mara mbili ili mwenye nyumba atoke kwa heshima.

Mzee Bakari alikuwa Mbondei wa Muheza. Alianza kwa kutengeneza redio za watu barazani kwake, akaingia kwenye kompyuta kwa sababu, alivyosema mwenyewe, redio ziliacha kuharibika. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akifurahi alisema "haya". Akikasirika alisema "haya" vilevile, ila alivua miwani kwanza. Nilichukua mwaka mzima kujua tofauti.

Kazi yetu kubwa ilikuwa hifadhidata ya wagonjwa, ile programu inayotunza majina, mimba, chanjo na dawa, kisha kuzituma kwenye mashine mama hapa ofisini. Miaka ya mwanzo programu hiyo ilikuja ikiwa mbichi, yaani maandishi tu ya watungaji wake, na kila mashine ililazimika kuyageuza yenyewe yawe kitu kinachofanya kazi. Mzee Bakari aliita kupika. Unaanza saa mbili asubuhi, saa nane mchana maandishi bado yanapita kwenye kioo, saa tisa umeme unakatika. Kesho yake unaanza upya. Kuna zahanati moja tuliipikia siku nne mfululizo, na siku ya nne muuguzi wao akatuuliza kwa upole kama hiyo ndiyo kazi yenyewe au kazi bado haijaanza.

Baadaye watungaji wakaanza kuitoa ikiwa imeshapikwa. Furushi moja, unalifungua mahali palepale kwenye kila mashine, unarekebisha mambo machache, inaamka. Robo saa. Mimi nilifurahi kama mtu aliyeletewa jiko la gesi. Mzee Bakari alivua miwani.

"Ulichopika mwenyewe unajua umetia nini," alisema. "Hiki kimepikwa na watu tusiowajua, kikasafiri, kikapita kwenye flashi ya Salehe yenye taarabu ndani. Utajuaje kimefika kama kilivyotoka?"

Salehe ni dereva wetu, na flashi yake kweli ilikuwa na taarabu. Jibu la swali watungaji wenyewe walikuwa wamelitoa: kila furushi lina alama yake, mfuatano wa herufi na tarakimu sitini na nne. Unaiambia mashine yako ikokotoe alama ya furushi ulilolipokea. Ikilingana na ile waliyoitangaza wao, furushi ni lilelile. Ikitofautiana hata mahali pamoja, tupa, anza tena. Mashine inaweza kulinganisha yenyewe, na Mzee Bakari alijua hivyo. Hakutaka.

"Mashine ukiiuliza kama ni nzima," alisema, "unategemea ijibu nini?"

Kwa hiyo alituwekea utaratibu wa chuoni, alikosoma Kurani utotoni. Mmoja anasoma kwa sauti, wa pili anafuata kwa kidole kwenye nakala yake, na wa pili haruhusiwi kuitikia pale ambapo kidole hakijafika. Msomaji anasema, "Tatu." Wa pili anaona tatu, anasema, "Ndiyo." Mara sitini na nne. Kisha inafuata orodha ya mambo kumi na manne, jina la mashine, anwani yake, folda ya programu, ruhusa za mafaili na kadhalika, na kila moja lina ndiyo yake. Kwenye simu herufi zilipewa majina ili zisichanganywe: a ya Asha, b ya bakuli, d ya dafu, e ya embe, f ya fenesi. C ilitusumbua, mwishowe tukampa shemeji yangu Costa, ambaye amesomwa katika kila zahanati ya pwani hii na hajui.

Ukimaliza unaandika kwenye daftari la kijani: tarehe, mashine, msomaji wa kwanza, msomaji wa pili. Herufi moja kwa kila mtu. V ni mimi, Veneranda. B ni yeye. Mashine isiyo na herufi mbili haikutoka ofisini.

Mwanzoni utaratibu huu ulinichosha. Mimi ni Mkatoliki, nimezoea litania. Naweza kuitikia "utuombee" mara arobaini huku nawaza maharage niliyoyaacha jikoni. Mzee Bakari aligundua. Siku moja alisoma "saba" mahali palipokuwa na nne, nami nikaitikia ndiyo kwa sauti nzuri kabisa. Alifunga karatasi, akaenda kunywa chai, tukaanza upya aliporudi. Sikurudia.

Alinifundisha na mengine ambayo bado yanafaa. Toleo jipya usilifungulie juu ya la zamani. Yakae kando kwa kando, kila moja na folda yake, na kiungo kimoja kidogo ndicho kionyeshe lipi linatumika. Ukiharibu unarudisha kiungo, zahanati inaendelea, nawe unalia ukiwa umekaa. Programu isiendeshwe na mtumiaji mwenye mamlaka yote. Na folda ya programu iwe mbali na folda ya data. Hili la mwisho alinifundisha, nikalielewa, na nikalisahau siku moja tu.

Mashine ya Mkwaja ilikuwa nzee kuliko zote. Tulipopeleka furushi la toleo jipya kule, lilitoa sentensi moja ya kulalamika kwamba limekutana na amri isiyokubalika, likafa. Lilikuwa limepikwa kwa ajili ya vichakataji vipya, yaani bongo za mashine za kisasa. Hiyo ndiyo hasara ya kilichopikwa tayari: mpishi hakuwa na habari za tumbo lako. Muuguzi wa pale, Mwanaisha, mwenyeji wa hukohuko Mkwaja kwa baba na kwa mama, alisimama nyuma yangu akiangalia.

"Dada Vene, imekufa?"

"Imekataa tu. Nitakuletea nyingine."

"Mimi naandika mara mbili," akasema, akapapasa daftari lake la karatasi. "Mashine ikifa sitaki kufa nayo."

Ofisini tulikuwa na mashine ya akiba. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeitumia kujaribia mpangilio wa Horohoro: nilifungua furushi, nikaiamsha, ikafanya kazi vizuri, basi nikanakili kila kitu, programu na data kwa pamoja, nikakipeleka Horohoro hivyohivyo. Ile ya akiba ilibaki na nakala yake. Sasa niliitaka iwe ya Mkwaja. Nilibadilisha jina, nikabadilisha anwani, nikahakikisha hakuna mgonjwa ndani. Nilikuwa nimemwahidi Mwanaisha kwamba Jumatano itakuwa imefika.

Jumatatu jioni mama mkwe wake Salehe akafariki Muheza. Unajua Tanga, hakuna kazi inayozidi maziko. Jumanne ofisi nzima iliondoka, Mzee Bakari akiwa mbele kwa sababu marehemu alikuwa jirani yake. Mmoja lazima abaki na funguo, nikabaki mimi, na mashine, na orodha.

Niliisoma kwa sauti. "Jina la mashine?" Nikajijibu, "Mkwaja. Ndiyo." "Anwani?" Nikatazama, nikajijibu, "Ndiyo." Nilikuwa makini kuliko siku zote, hata sauti nilibadilisha, ya kusoma moja na ya kuitikia nyingine. Mambo yote kumi na manne yalipita. Ikabaki safu ya msomaji wa pili, tupu. Nilijiambia kwamba Mzee Bakari angekuwepo angeitikia yaleyale. Nikaandika B. Niliiandika vizuri, na lile tumbo la chini kubwa kama anavyoandika mwenyewe. Jumatano mashine ilikuwa Mkwaja, taa ya kijani inawaka, Mwanaisha akanipa chai.

Baada ya hapo Mkwaja ikanyamaza. Kwenye mashine mama zahanati ile ilionekana haina mgonjwa hata mmoja, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chanjo zilikuwa zinagawiwa kwa kufuata hifadhidata, na kituo kisicho na watoto hakipelekewi chanjo. Mwanaisha alipiga simu kuomba, akaambiwa aandike kwanza. Akasema anaandika kila siku. Akaambiwa mashine mama haioni. Mimi niliposikia niliwaza mtandao wa kule, ambao kweli ni wa kusubiri, nikaendelea na zahanati nyingine. Wiki ya tano aliitwa Tanga.

Tulikuwa wanne mezani, asubuhi: mratibu wa shirika, Mzee Bakari, mimi, na Mwanaisha akiwa na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. Mratibu alikuwa na daftari la kijani mbele yake, limefunguliwa.

"Mashine hii ilihakikiwa na watu wawili," alisema. "Hii hapa V, hii hapa B. Kwa hiyo mashine haina kosa. Limebaki kosa la mtu."

"Naandika kila siku," Mwanaisha akasema. "Hili hapa daftari langu, majina yote yamo."

"Daftari la karatasi mtu anaweza kulijaza kwa siku moja."

"Kwa kalamu tano mbalimbali?"

Mratibu hakulifungua. Mwanaisha akaliweka mezani hata hivyo.

"Kule kwetu wanasema nimeficha chanjo," alisema. "Kuna mama kaja mara tatu na mtoto mgongoni, mara tatu namrudisha. Mara ya nne hakuja. Sijui amepata wapi, sijui kama amepata."

Mzee Bakari alilivuta daftari la kijani. Akaweka kidole chini ya tarehe, akakisogeza hadi V, akakisogeza hadi B, kikakaa pale. Kidole kilikaa muda mrefu. Kisha akalifunga taratibu, akalirudisha. Hakuniangalia. Angeniangalia ningesema, nadhani. Lakini nilikuwa na mdomo wangu mwenyewe, na muda wa kutosha, na nikanyamaza. Mwanaisha akapewa barua ya kujieleza: siku saba, na maelezo yasiporidhisha aondoke kazini.

Mlangoni Mzee Bakari alinisubiri.

"Mkwewe Salehe tulimzika lini?"

"Jumanne."

"Nilikuwa wapi?"

"Muheza."

"Haya," akasema. Miwani ilikuwa tayari mkononi.

Nitakuambia wazi, Rehema, kwa kuwa wewe nawe utafika mahali kama pale. Sikuwa naogopa kosa la mashine. Wakati ule sikuwa nalijua. Niliogopa ile herufi. Nilimpenda yule mzee kama baba, na nilikuwa nimelitumia jina lake kama muhuri uliosahauliwa mezani. Na kwa ajili ya herufi hiyo moja nilikuwa tayari kumwacha mwanamke mwingine apoteze kazi. Nilikuwa tayari kwa takriban saa ishirini na nne. Ni muda mrefu ukiuhesabu.

Kesho yake nilimwomba Salehe anipeleke Mkwaja. Tulivuka Pangani kwa kivuko cha kwanza. Mwanaisha alinipokea kama anavyopokelewa mkaguzi, kwa kiti na bila chai. Nilimwomba aandikishe mtoto wa kwanza atakayekuja. Akaandika, taa ikawaka kijani, kioo kikasema imetumwa. Nikampigia Mzee Bakari, aliyekuwa mbele ya mashine mama.

"Umeiona?"

"Sijaona. Ngoja." Nikasikia anabonyeza. "Mkwaja anaingia. Katoka. Kaingia Horohoro."

"Nani kamtoa?"

"Anatoka kila Horohoro anapoingia. Huyu akiingia, yule anatolewa. Kama wana tiketi ya kiti kimoja." Akasogeza kiti. "Veneranda. Nisomee kitambulisho cha hiyo mashine."

Hifadhidata ya namna ile ikiamka mara ya kwanza hujitungia kitambulisho, namba ndefu isiyofanana na ya mwingine yeyote, na kukiandika kwenye faili dogo ndani ya folda ya data. Kwenye orodha yetu ya mambo kumi na manne hakikuwamo, kwa kuwa mashine inayofunguliwa furushi upya hujitungia chake bila kuombwa. Nilitafuta lile faili, nikalipata. Nikaanza kusoma. Yeye upande wake alikuwa amefungua rekodi ya Horohoro.

"Nane," nikasema.

"Ndiyo."

"F ya fenesi."

"Ndiyo."

"Mbili."

"Ndiyo."

Tulifika ya kumi nikajua, lakini hakunizuia, wala mimi sikuthubutu kuacha. Tulisoma zote thelathini na mbili, na kila moja akaitikia, sauti ileile, haikupanda wala kushuka. Nilikuwa nimenakili mpaka kitambulisho. Mashine mama iliona watu wawili wenye jina moja la ndani, ikawa inamtoa aliyetangulia ili kumpisha anayekuja. Horohoro wana mtandao wa mpakani, wakitolewa wanarudi papo hapo. Mkwaja akitolewa, anachukua dakika kadhaa kurudi, anawasha taa ya kijani kwa fahari, anatolewa tena kabla hajamaliza jina la mgonjwa mmoja.

Dawa yake ilikuwa dakika mbili. Unaisimamisha hifadhidata, unafuta lile faili dogo, unaiamsha, inajitungia kitambulisho chake. Majina ya wiki tano yakaanza kwenda. Mzee Bakari alikuwa anayasoma kwenye simu yanavyoingia, na Mwanaisha, bila kuambiwa na mtu, alifungua daftari lake la karatasi akawa anayafuata kwa kidole. Yalikuwepo yote.

Kisha akafunga daftari.

"Kosa lilikuwa nini, dada Vene?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na ile B? Niliona jana mzee alivyoikodolea macho."

"Niliiandika mimi. Yeye alikuwa mazikoni."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Wiki tano naitwa mwizi wa chanjo kwetu," alisema. "Halafu jana umekaa pale mezani, unaniangalia, umenyamaza."

"Ndiyo."

"Barua utawaandikia wakubwa. Hapa utasema kwa mdomo. Jumatatu ni kliniki."

Barua niliandika jioni ileile, ukurasa mmoja na nusu, hamna sifa ndani yake. Mratibu aliisoma mara mbili, akafuta ile ya Mwanaisha, akanipa mimi ya onyo. Ipo kwenye jalada langu kama unapenda kusoma. Chanjo zilipakiwa kwenye gari Jumatatu alfajiri na mimi nikakaa nyuma pamoja nazo.

Kina mama walikuwa wamejaa barazani. Mwanaisha akawatangazia kuwa mgeni wa mjini ana neno. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza habari za vitambulisho na mashine mama, na nilieleza, dakika tatu hivi, mbele ya watoto waliokuwa wanalia kwa zamu. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekaa mbele na mjukuu mapajani akaniuliza:

"Sasa mwanangu, maneno mengi. Chanjo kaficha Mwanaisha au hakuficha?"

"Hakuficha. Aliandika kila mtoto. Kosa ni langu, na nilinyamaza nikamwachia yeye."

Bibi akanitazama toka juu hadi chini.

"Haya, kaa pembeni basi. Watoto wachanjwe."

Nikakaa pembeni. Yule mama wa mara tatu alikuja siku ile, Mwanaisha alikuwa amemtumia mtu. Mtoto alikuwa mzima, mnene, na akampiga teke muuguzi. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi, ambalo lilikuwepo.

Niliporudi ofisini, daftari la kijani lilikuwa mezani kwangu limefunguliwa. Chini ya ile B niliyoiandika mimi, Mzee Bakari alikuwa ameandika: "Sikuwepo. Nilikuwa mazikoni." Na B yake ya kweli pembeni. Tumbo la chini si kubwa kama nilivyodhani. Orodha pale ukutani ilikuwa imeongezwa jambo la kumi na tano, kitambulisho. Tulisoma pamoja miaka mingine sita, hadi alipostaafu akarudi Muheza kwenye michungwa yake, na habari ile hatukuizungumza tena. Siku anaondoka alinipa miwani yake ya zamani. Sikumuuliza maana yake.

Mwanaisha naye aliweka sharti. Mashine ya Mkwaja haiguswi tena mpaka msomaji wa pili awe yeye mwenyewe. Kwa hiyo kila toleo jipya nilimpigia simu. Si mwepesi. Unamsomea "sita," anasema, "Ngoja, sijaona," na unasikia anahudumia mtu, anafunga dirisha, anarudi, anauliza, "Ulisema ngapi?" Zahanati nyingine zilichukua dakika kumi, Mkwaja ilichukua karibu saa nzima. Hakuwahi kusema amenisamehe, nami sikuwahi kumuuliza.

Sasa wewe umekuja na chombo chako kipya, Rehema. Unabonyeza mara moja, furushi linakwenda kwenye mashine zote, linajikagua lenyewe, zote kumi na moja zinageuka kijani na wewe hujainuka. Ni kizuri. Nimekitumia na sina ugomvi nacho. Nakuomba tu ukumbuke kwamba ni msomaji mmoja anayejiitikia, tena anabadilisha na sauti.

Mashine yangu ya mwisho ilikuwa ya Mkwaja, wiki moja kabla ya kuondoka. Ulikuwepo, ulidhani nazungumza na ndugu. Tulisoma alama yote, tukasoma mambo yote kumi na tano. Tulipomaliza akaniuliza:

"Msomaji wa pili unaandika nani?"

"M," nikasema. "Kama siku zote."

"Leo andika jina lote. Herufi moja mtu yeyote anaweza kuiandika."

Niliandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, mstari ukajaa.

Siku ya kuagwa kwangu alikuja, safari yote ile kutoka Mkwaja. Ulimwona, yule aliyepita katikati ya watu wakati wa hotuba. Hakunisalimu, hakuuliza habari za kustaafu. Aliomba daftari la kijani. Akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole chini ya jina lake, akakisogeza polepole, herufi moja moja, mpaka mwisho wa mstari. Mratibu mpya alinyamaza na hotuba yake akisubiri.

"Ndiyo," akasema Mwanaisha. Akanipa daftari, akaenda kutafuta sahani ya pilau.